Siku Isiyo na Upepo

Beulah alikuwa akifua mashuka ya zahanati. Dorcas, karani wa zamu, alimfuata kwenye mashine kumuuliza habari za likizo ya kuwinda bata wakati ilikuwa bado Juni, mbu wamejaa madirishani.

"Chagua wiki yako, bibie. Wenzako wote wameshachagua."

"Ya mwisho ya Septemba."

"Mwaka jana bata bukini walichelewa."

"Bata hawaombi ruhusa kwako, Dorcas."

Dorcas alicheka. Beulah hakucheka, maana safari hii hakutaka kukosea. Baba yake, Sinclair, alikuwa amelazwa vyumba viwili kutoka pale, mapafu yameoza, mpira wa hewa puani. Ikifika Oktoba angepelekwa hospitali ya kusini kwa ndege, na wazee waliopelekwa kusini walirudi ndani ya sanduku. Alikuwa ameomba kitu kimoja tu: ale bata wa ghuba yake mwenyewe, aliyening'inizwa kwa uzi kando ya moto, akizunguka polepole huku mafuta yakidondokea kikaangoni. Wa kwenye friji alimkataa.

"Huyo ameshakufa mara mbili," alisema.

Tangu kabla Beulah hajazaliwa, Sinclair ndiye aliyekuwa mkubwa wa bunduki katika ghuba ile. Kila alfajiri ya msimu alitoka hemani, akatazama maji, akasema kama kutakuwa na kupiga au hakuna. Siku isiyo na upepo hakuna aliyepiga. Siku kama hiyo mlio husambaa juu ya maji mpaka mbali, bata wakajifunza kwamba mahali pale ni pabaya, na mwaka unaofuata wakapita kwingine. Redfern, kaka yake Beulah, aliwahi kupiga siku ya namna hiyo alipokuwa kijana. Baba akamnyang'anya bunduki, akaigawa mbele ya watu. Tangu hapo Redfern aliendesha boti tu.

Wiki ya likizo ikafika, na joto lilikuwa kama la Agosti. Bata walikuwa wamestarehe huko kaskazini. Baba, aliyeruhusiwa kutoka zahanati kwa wiki hiyo, alikaa kwenye kibanda cha matawi cha kuvizia, mtungi wa hewa ubavuni, akiwaita kwa sauti yao kama alivyozoea, lakini mwito ulimkatikia kooni ukageuka kikohozi. Jioni walikula mkate wa kikaango na chai tu.

Asubuhi ya mwisho maji yalilala kama kioo. Redfern angekuja na boti kuwachukua mchana. Kesho yake Beulah alikuwa na zamu, na baba alikuwa na ndege.

Ndipo wakawasikia. Walikuja kutoka kaskazini, kundi juu ya kundi, wakashuka wakizunguka, wakatua kwenye nyasi za mlango wa kijito, karibu kiasi cha kuonekana mashavu yao meupe.

"Piga," baba akanong'ona.

"Baba, hakuna upepo."

"Nina macho. Piga."

"Lakini wewe mwenyewe ndiye uliyesema..."

"Mkubwa hapa ni nani? Piga, Beulah!"

Aliinua bunduki. Ng'ambo ya rasi kulikuwa na kambi za shangazi na wajomba, wiki nzima vyungu vitupu, nao pia walikuwa wakiwaona bata hawa na kuzuia mikono yao, kwa sababu mzee huyu aliwafundisha hivyo. Wangesikia. Wangejua ni bunduki ya nani. Akaishusha.

"Upepo ukija kesho, baba..."

"Kesho mimi nitakuwa wapi?"

Akageuza uso akayaelekea matawi ya kibanda.

Ngurumo ya injini ikatoka nyuma ya rasi. Redfern alikuwa amewahi kwa kuogopa maji kupwa, naye alikuja mbio. Bata wote wakaruka kwa pamoja, wakapiga kelele, wakaelekea kusini.

"Mmepata wangapi?" Redfern akapaza sauti. "Mbona mmekaa kama mko msibani?"

Botini baba alizungumza na mwanawe wa kiume tu. "Ile bunduki yako, heri ningekuachia."

Redfern alicheka, akidhani ni mzaha.

Beulah alipopiga simu kusini, alimsikia baba yake akimwambia muuguzi, "Mwambie nimelala." Alipiga tena, na tena alikuwa amelala. Mzee alikufa kabla ghuba haijaganda.

Siku ya maziko vyungu vilijaa. Upepo ulikuwa umevuma kwa siku kadhaa baada ya wao kuondoka, na kambi za ng'ambo zilipata bata wengi. Shangazi akamwekea paja mkononi.

"Kula, mwanangu. Wa ghuba ya babako huyu."

Beulah alilishika mpaka mafuta yakagandia vidoleni, kisha akalirudisha chunguni wakati hakuna anayemtazama.

Juni ilipofika, Dorcas akaja tena kwenye mashine. "Haya, mwenye bata. Wiki gani?"

"Yoyote."

Dorcas alisimama akisubiri ajibiwe kwa utani. Beulah akatoa mashuka yaliyolowa, akaanza kuyakunjua.