Bi Mwiko na Sindano ya Ngozi

Jina la Bi Mwiko alipewa na wanafunzi, naye hakulikataa. Alikuwa mpishi mkuu wa shule ya bweni tangu enzi za jiko la kuni, moshi ukikutoa machozi kama umefiwa, na aliyetaka kumtoa pale ilibidi kwanza ang'oe jiko lenyewe.

Basi mwanafunzi mmoja akakutwa na kifua kikuu. Ikaamriwa wote waliokuwa karibu naye wapimwe, wapishi wakiwa mbele, na atakayekutwa anaumwa asishike sufuria ya watoto mpaka apone. Hapo hapakuwa na ubaya. Ubaya ulikuwa kwa Msimamizi wa bweni, kijana wa shati lililonyooka, ambaye siku nyingi alimtaka Bi Mwiko astaafu.

"Mama, pumzika sasa," alikuwa akimwambia kila akipita.

"Nitapumzika kaburini. Huko nasikia hakuna maharage ya kuchambua."

Nesi alipofika na kisanduku chake, Bi Mwiko aligeuka upande na kuanza kulegeza sketi. Nesi akacheka.

"Siyo huko, mama. Nipe mkono."

Sindano yenyewe nyembamba kama unywele. Nesi hakuichoma kwa kuizamisha. Aliilaza karibu ilale juu ya mkono, upande wa ndani, akaisukuma kidogo tu mle ndani ya ngozi, na dawa ikainua kiputo cheupe.

"Ndiyo hiyo tu?"

"Ndiyo hiyo. Nikiizamisha nimeharibu. Kesho kutwa nakuja kuusoma mkono, nione kama umevimba. Usisugue, usikune, usifunge kitambaa."

Sasa sikiliza. Kusugua alikatazwa, kukanda hakukatazwa. Na Bi Mwiko alikanda mapaja ya watoto wake wote walipochanjwa, akakanda na ya wajukuu, na hakuna aliyelala na uvimbe. Jioni ile akachovya kitambaa kwenye maji ya moto, moto wa mpishi, ambao wewe na mimi tungepiga yowe, akajikanda mpaka mkono ukaiva kama nyanya.

Asubuhi, Bi Mwiko akipakua chai, Msimamizi akauona.

"Huo hapo! Weka chini upawa, mama. Mkono umeshasema."

Wapishi wenzake wakasogea nyuma. Hata shoga yake, aliyekuwa akila naye sahani moja, alikitenga kikombe cha Bi Mwiko dirishani, peke yake kama mwizi.

Bi Mwiko aliweka upawa, lakini nyumbani hakwenda. Alivuta kigoda akaketi uani, mkabala na mlango wa jiko.

"Aliyesema atasoma ni nesi. Wewe mikono ya watu umeisomea lini?"

Kutwa nzima alikaa pale, na kesho yake tena, akiwaamrisha kutoka nje: "Chumvi! Mnawapa watoto maji ya kuoshea sahani?"

Nesi akaja, akapapasa, akakunja uso. "Mama, umefanya nini hapa?"

"Nimekanda."

"Si nilisema—"

"Ulisema nisisugue. Kukanda ulikutaja?"

Nesi akakuna kichwa. "Haya, kosa tugawane. Wekundu hatuupimi, tunapima ugumu wa uvimbe. Ila hapa umejiunguza, sisomi kitu. Turudie mkono wa pili."

"Kurudia kwa nini?" Msimamizi akadakia. "Aende zake nyumbani."

Bi Mwiko alikuwa ameshapandisha mkono wa blauzi. "Choma."

Safari hii hakugusa. Mkono ulimwasha hata akasaga meno, akaukalia. Nesi aliporudi akaupitisha kidole, akatia alama ukingoni, akaweka rula. Uvimbe ulikuwa mgumu, tena mpana. Vidudu vilikuwamo.

"Nilisema mimi!" Msimamizi akapumua kama aliyetuliwa mzigo.

"Ulisema nini?" nesi akamgeukia. "Hii inaonyesha vidudu vilishaingia mwilini. Haisemi kwamba anaumwa, wala kwamba anaambukiza. Akapigwe picha ya kifua."

Mwingine angelia. Bi Mwiko alikwenda hospitali kwa miguu yake, akabana kifua kwenye bamba la baridi, akavuta pumzi na kuizuia alipoambiwa. Mapafu safi. Kikohozi hana, homa hana. Daktari akampa vidonge vya kumeza miezi kadhaa, vidudu vilivyolala visije vikaamka, akamwambia arudi kazini.

Msimamizi alimngoja mlangoni mwa jiko. "Lakini mama, kwa umri huu, na vidudu ndani..."

"Vimelala, mwanangu. Wewe ndiye uliye macho unanisumbua. Nipishe, maji yanachemka."

Akapisha. Angefanyaje?

Ndani, shoga yake aliinamisha uso, machozi yamemjaa. Bi Mwiko akafunga aproni, akamsogezea beseni la vitunguu na kisu.

"Menya hivi," akamwambia. "Kama ni kulia, lia huku unafanya kazi."