Kilomita za Kinyozi

Kinyozi mmoja, ambaye mtaa mzima ulimwita Toleo Jipya, alikuwa na duka dogo kiasi kwamba mteja wa pili akiingia, wa kwanza ilibidi akunje magoti. Kulikuwa na kiti kimoja, kioo kimoja, kibenchi cha kusubiria, na kompyuta juu ya rafu ya mafuta ya nywele. Kazi yake ilikuwa kunyoa. Wito wake ulikuwa kutoa maoni kuhusu vifaa.

Nani angembishia? Mtu mwenye wembe shingoni hana ubishi. Mteja alikaa, akafungwa shuka, kisha akaelezwa kwamba vidude vya gemu vya siku hizi ni vizito mno, kwamba kidude halali cha kuchezea mkononi hakitakiwi kuzidi uzito wa mashine ya kunyolea, na kwamba kama vitufe vyake havilii "tk", basi hicho si kidude, ni kigae. Mteja akitikisa kichwa kukataa, alikatwa. Akinyamaza, alihesabiwa kuwa amekubali. Ndivyo Toleo Jipya alivyoishi miaka mingi bila kushindwa hoja hata moja.

Upande wa kompyuta alikuwa mtu wa Linux, ule mfumo wa bure ambao mwenye nao hujibadilishia skrini apendavyo. Naye alipenda kuibadilisha kila Jumatatu, siku yake ya kufunga duka. Jumatatu hii menyu iko chini, Jumatatu ijayo iko juu, nyingine haipo kabisa mpaka uiite kwa kubonyeza vitufe vitatu kwa mpigo. Mkewe, fundi cherehani aliyeshonea nyumbani, alikuwa na kompyuta yake ndogo ya kuwaonyesha wateja mitindo ya magauni. Siku moja akaikuta nayo imeongoka, imekuwa ya Linux.

"Mume wangu, picha zangu ziko wapi?"

"Kwanza niambie, unataka muonekano gani? Kuna wa madirisha yanayoelea, kuna wa madirisha yanayojipanga yenyewe."

"Nataka ule wa kufungua picha."

"Hayo ni mawazo ya kizamani," alisema Toleo, akaenda kuoga.

Mwanamke yule alikuwa na moyo mpana, hayo yote aliyameza. Kitu kimoja tu kilimkaa rohoni. Walipokuwa wachumba, kila jioni walipanda pamoja hadi kwenye tangi la maji juu ya kilima, wakarudi polepole wameshikana mikono, wakiongea upuuzi mtupu. Alitamani jioni zile zirudi. Hazikuhitaji umeme, hazikuhitaji chaja, na bado hazikupatikana.

Ndipo ikaja saa janja.

Toleo aliivaa mkono wa kulia, kinyume na watu wote, kwa sababu hata hapo alikuwa na maoni. "Mkono wa kushoto ni mvivu," alisema. "Saa ikae kwenye mkono wa kazi, ndiko uliko ukweli." Sasa, saa ya namna ile huhesabu hatua kwa kusikiliza mkono unavyobembea, na mkono wa kulia wa kinyozi haujui kupumzika: unapanda, unashuka, unachana, unakung'uta taulo. Toleo akiwa amesimama palepale nyuma ya kiti, saa iliamini kabisa kwamba mwenyewe yuko safarini.

Na yeye akaiamini saa. "Saa haina sababu ya kudanganya," aliwaambia wateja. "Haina mke, haina bosi, haigombei ubunge." Akanunua raba za watembea masafa. Jioni akawa analoweka miguu kwenye beseni la maji ya moto huku akiugulia. Mkewe alipovaa viatu na kusimama mlangoni, akasema kwa sauti ya kubembeleza, "Twende basi mpaka kwenye tangi," Toleo aliinua mkono, akasoma, akasikitika kwa dhati.

"Hatua zangu za leo zimeshatimia, mke wangu. Nikizidisha nitaua magoti."

Mkewe akavua viatu, akarudi kwenye cherehani.

Hapo mambo yangeishia, lakini Toleo alitaka kuonewa fahari nyumbani. Akaiunganisha saa na simu ya mkewe. Kuanzia hapo kila jioni ya siku ya kazi simu ililia: "Hongera! Mumeo leo ametembea kilomita kumi na tisa. Mtumie kopa la upendo!"

Mke hakutuma kopa. Alikaa na simu ile mapajani, akatafakari kama mtu anayepima kitambaa cha ghali. Duka la mumewe ni kama kabati. Mtu hawezi kutembea kilomita kumi na tisa ndani ya kabati. Halafu Jumatatu, duka limefungwa na bwana yuko nyumbani, kilomita hakuna. Jumamosi, siku ya wateja wengi, kilomita zinafurika. Kwa hiyo mume wake akiwa nyumbani hatembei, akisema yuko kazini ndipo anatembea. Kuelekea kwa nani? Roho ikamwuma vibaya sana, akawaita wakubwa.

Jumatatu alasiri wakaja. Baba yake alikuwa refa mstaafu wa mpira, na filimbi ilikuwa bado mfukoni mwa shati. Shangazi yake alikuwa shangazi, na hiyo inatosha. Wakakaa sebuleni katikati ya vipande vya vitambaa, Toleo akakalishwa kwenye kigoda.

"Mkwe wangu," alianza baba mkwe, "mtoto wetu analalamika kwamba unatembea."

"Natembea, mzee. Ni kweli."

"Wapi?"

Toleo akajikuna kisogo. "Dukani."

"Kilomita kumi na tisa? Dukani?" Shangazi alisogeza kiti. "Kijana, duka lako mimi nalijua. Nikipiga chafya nikiwa ndani, naegemea mlango."

Toleo akaomba awaonyeshe ushahidi kwenye kompyuta ya mkewe, maana saa ile hutunza mchoro wa hatua za siku nzima. Bahati mbaya asubuhi ile alikuwa amebadilisha muonekano, na yeye mwenyewe hakuipata menyu. Wakati anahangaika, baba mkwe alikalia kitu kigumu kwenye kochi, akakitoa: kidude cha gemu. Akabonyeza kitufe, kikalia "tk". Akabonyeza tena. Baada ya hapo mwenyekiti wa kikao hakuwa nasi tena. Mara kwa mara tu alipuliza filimbi na kumwonyesha mtu asiyeonekana kadi nyekundu.

Shangazi akashika usukani. "Achana na hiyo televisheni yako. Nyoa mtu hapa tukuone."

Wakaamua anyolewe mwenyekiti, maana hakuwa na habari. Shangazi akachukua chaki ya kuchorea vitambaa, akainama kwa shida, akachora mstari kuzunguka raba za Toleo. "Usitoke hapo," alisema. Toleo akanyoa. Mkono ulipanda, ukashuka, ukachana, ukafuta. Raba hazikugusa chaki hata mara moja. Alipokuwa anamalizia kisogo, saa ikatetemeka na simu ya mkewe ikalia mezani. Shangazi akasoma kwa sauti: "Hongera! Mumeo anaendelea vizuri na safari yake."

Baba mkwe akainua kichwa kutoka kwenye kidude.

"Hapa kuna mwongo," alisema shangazi. "Ni wewe au ni saa. Chagua."

Toleo aliitazama chaki, akaitazama saa. Maji yalikuwa yamemfika shingoni. Akisema saa inadanganya, kesho kila mteja aliyewahi kukatwa kwa ajili ya maoni yake atasimama kitini na kudai haki. Akaona bora aokoe saa.

"Nakiri," alisema kwa sauti ndogo. "Huwa natoka."

"Unakwenda wapi?"

"Sijui, shangazi. Lakini ni mbali."

Mkewe akaweka mkasi chini. Macho yalikuwa yamemjaa machozi.

"Mimi nimeona miguu yako haikusogea, na bado unaona afadhali nikudhani mhuni kuliko mtu aseme hicho kidude kimekosea. Sikulilia kilomita. Nilikuwa naomba tangi tu. Kila siku navaa viatu, kila siku navua."

Katika maisha yake Toleo hakuwahi kuona aibu kama ile, na hakukuwa na muonekano wowote ambao angeuweka ili aibu hiyo ifichike.

"Saa imekosea," alisema. "Na mimi nimekosea zaidi. Vaa viatu."

Waliondoka kabla jua halijashuka, wakimwacha shangazi akimnyang'anya baba mkwe kidude ili ajaribu na yeye. Njiani mkewe aliushika mkono wake, ule wa kulia, akaubana kwapani kama alivyofanya zamani. Walipanda kilima. Raba za masafa, kwa mara ya kwanza, zilipata vumbi, na kinyozi, ambaye hakuwa amezoea, alihema kama mgonjwa.

Karibu na tangi saa ikatetemeka. Mkono ulioshikwa haubembei, na mkono usiobembea, kwa hesabu za saa, umekaa kitini. Skrini ikaandika: "Umekaa muda mrefu. Simama utembee kidogo." Papo hapo simu ya mkewe nayo ikalia: "Mumeo ameacha kutembea. Mtie moyo!"

Mkewe akasoma, akacheka mpaka akalazimika kuegemea ukuta wa tangi. Toleo naye alitaka kucheka, lakini pumzi hazikutosha. Alijua dawa yake. Angeuchomoa mkono ule kwapani mwa mkewe, akautikisa kidogo njia nzima ya kurudi, na kilima chote kingehesabiwa.

"Haya, kocha," mkewe alisema, akijifuta macho, "utaiambia nini saa yako?"

"Iache iandike," alisema Toleo, akaubana mkono wa mkewe vizuri, wakaanza kushuka.