Tembo wa Malakiti

Shemeji yangu alikuja kututembelea kutoka Kinshasa, nami nikamzungusha kwa miguu katika soko la Kolwezi nikijifanya mjuzi wa kila kitu. Mzee mmoja alikuwa amepanga mezani tembo aliowachonga kwa malakiti, lile jiwe letu la kijani. Mdomo wangu ukanitangulia.

“Usinunue, hii ni plastiki,” nikasema kwa Kifaransa, kwa sauti, kana kwamba mzee hakijui. Nikatoa tembo wangu mfukoni. “Malakiti ya kweli ni hii niliyomnunulia mama leo, kwenye duka kubwa la madirisha ya vioo.”

Mzee alimgusisha shemeji tembo wake shavuni, na shemeji akashtuka kwa baridi. Jiwe la kweli hujulikana hivyo, na mimi mzaliwa wa hapa sikujua.

Kisha mzee akamchukua tembo wangu mkononi mwangu, akamweka kwenye shavu lake mwenyewe. Alinitazama, nikaelewa: wangu hakuwa jiwe. Shemeji hakuona kitu. Mzee akamfunga tembo wangu kwenye karatasi, polepole, akanirudishia.

“Iko muzuri, tata,” akasema, akiniita baba kwa heshima. “Mama atafurahia.”

Heri angenitukana.