Idi Isiyonukia

Nilipokuwa mtoto, kwetu Garissa mwenye kidonda alikatazwa kunusa kitu kizuri. Manukato, udi, hata mafuta ya kukaangia: wazee walisema harufu ikimwingia puani inateremka mpaka kwenye kidonda na kukiamsha. Ndiyo maana mgonjwa alifungwa mvuje shingoni. Mvuje unanuka vibaya kiasi kwamba hakuna harufu nyingine inayopata nafasi. Wajukuu wangu wakisikia haya wanacheka. Wacheke. Wao hujipulizia vitu vya kopo kwapani halafu wanapiga chafya mchana kutwa.

Mdogo wangu Deka alikuwa na ugonjwa wa kifua. Kila asubuhi alidungwa sindano hospitalini, leo tako hili, kesho lile, na hiyo ilikuwa kazi ya miezi. Nyanya yetu, mama yake Mama, tuliyemwita Ayeyo, alivitazama vile vitundu vya sindano akatoa hukumu: kidonda ni kidonda, hata kama kimetobolewa na serikali. Akamfunga mvuje.

Wakati huo ni vita, waasi na serikali. Baba alikuwa malishoni Kotile na ng'ombe, njia zimefungwa. Mjini, jua likizama kila mtu awe ndani, na atakayeonekana nje asimlaumu mtu. Kati ya kwetu na hospitali kulikuwa na kizuizi cha askari. Mama alikuwa sokoni na maziwa yake tangu alfajiri, kwa hiyo mimi ndiye niliyembeba Deka mgongoni. Kiswahili changu nilikiokota pale, kwa askari na kwa dresa wa sindano. Shule niliipitia baadaye, na wala sikukaa.

"Simama! Umebeba nini?"

"Dada yangu. Anaenda sindano."

"Mbona ananuka hivyo?"

"Dawa ya Ayeyo."

"Pita! Pita haraka!"

Mwenye bunduki alitukimbia. Watoto wa mtaa hawakukimbia, walifanya vibaya zaidi: walimwita Deka Mama Mvuje na kuziba pua kila alipotaka kucheza.

Idi ilipokaribia, Deka alisikia watu wazima wakipanga. Atashinda chumba cha ndani, mlango umefungwa, mpaka wageni waondoke, maana wanawake wetu siku ya Idi hujifukiza unsi, udi wetu wa Kisomali, mpaka nzi wanapotea njia. Deka hakulia. Alikata kamba ya mvuje kwa meno, akaitupa kwenye majivu.

"Sindano ndiyo iliyoleta mvuje," alisema. "Siendi tena."

Asubuhi yake alijikunja chini ya kitanda. Mama aliacha maziwa akaja kumvuta, akaumwa mkono. Siku hiyo Deka hakudungwa. Dresa alikuwa ametuonya: ukiikatiza dawa hii, ugonjwa unarudi na nguvu mpya, na dawa huenda usiisikie tena. Msimu uliopita tulikuwa tumemzika mtoto wa jirani kwa kifua hicho hicho. Hakuna aliyehitaji kuelezwa.

"Mwache anuse, Hooyo," Mama alimwambia mama yake. "Daktari amesema harufu haifanyi kitu."

"Daktari ana pua ya kwao. Mtoto huyu ana pua ya kwetu."

"Basi utamzika na hiyo pua yake?"

Sikuwahi kusikia Mama akimjibu mama yake hivyo. Nilingoja bakora iruke. Badala yake Ayeyo aliinuka. Kisha alichukua ile bakora akatoka nje.

Alipita nyumba kwa nyumba. "Idi hii uwanja wangu hauna harufu," alitangaza kwenye kila mlango. "Anayetaka kuja aje na mwili wake tu. Anayetaka kunukia abaki kwake, ajinuse mwenyewe."

Barlin, jirani yetu wa ukuta, ndiye aliyekuwa malkia wa unsi mtaani. Akipita, ulijua kapita hata kama umelala. Alishika kiuno.

"Ayeyo, Idi bila unsi? Nije nikinuka kama ngamia?"

"Ngamia amekulea. Unsi umekulea lini?"

"Subhanallah, huyu mama!" Akafunga mlango. Tukajua huyo haji.

Ayeyo alirudi, akainama kwa shida, akazungumza na miguu ya kitanda.

"Toka. Nimewasafisha wao, wewe huhitaji mvuje. Lakini Idi yenyewe ni ya mwenye sindano. Asiyedungwa haingii uwanjani."

"Hata Barlin atakuja bila unsi?"

"Hata Barlin."

"Muongo," Deka alisema kutoka gizani. Lakini alitoka.

Siku ya Idi nilimbeba mapema. Kwenye kizuizi askari alivuta pumzi, akashangaa. "Leo hanuki?"

"Leo ni Idi," nikamjibu, nikapita kichwa juu.

Tuliporudi, Ayeyo aliniweka kwenye mwanya wa ua wa miiba. Pua yangu ndiyo ilikuwa kizuizi. Kila mgeni nilimzuia kama nilivyozoea kuzuiwa mimi, nikidai kitambulisho kama askari: "Simama! Kipande!" Wake za watu, wenye heshima zao, waliinama mmoja mmoja wakanipa shingo ninuse. Shangazi mmoja nilimrudisha akanawe nyuma ya masikio. Alinuna, akaenda, akanawa. Moto haukuwashwa. Tulikula nyirinyiri, nyama ile iliyokaushwa na kuhifadhiwa kwenye samli, tukashushia maziwa ya ngamia. Deka alikaa katikati ya mkeka kama bibi harusi, akihesabu nani hajafika.

Barlin alikuja wa mwisho. Vichwa viligeuka. Alikuwa amevaa gauni la kijivu limechakaa, limemkomea chini kidogo ya magoti.

"Nguo zangu zote za Idi zina unsi, hata nizifue vipi," alisema. "Hili nimeazima kwa mchunga mbuzi. Haya, nusa, askari."

Nilinusa. Beberu mtupu.

"Pita," nikasema, na Deka akacheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka Mama akainuka, kisha akaendelea kucheka. Wanawake wakapiga makofi, Barlin akaingia katikati akicheza buranbur, ngoma yetu ya wanawake, na gauni lake la mbuzi, akimsifu Deka kwa mashairi ya papo hapo, na Deka akicheza mbele yake. Ayeyo hakucheza. Alisimama kwenye ua akitazama jua kama mtu anayelinda maziwa motoni. Alipopaza sauti, "Jua!", walitawanyika mbio wakicheka, kila mmoja awahi kwake kabla ya askari.

Kesho yake nilimkuta Deka mlangoni, ndara amezivaa kinyume. "Askari," akaniambia, "twende."

Alidungwa mpaka dresa mwenyewe akasema basi. Ayeyo alikufa akiamini mtoto aliponywa na ile Idi safi. Mama mpaka mwisho alisema ni sindano. Mimi sikuwaamulia. Ninachojua, miaka ile mtaa wetu ulikuwa ukiamriwa na kila mwenye bunduki, simama, kaa, ingia ndani. Siku ile uwanjani kwetu hapakuwa na bunduki. Palikuwa na kizee na bakora, na mtaa mzima ukakubali kunuka beberu siku ya Idi, kwa ajili ya mtoto aliyekonda kama kijiti. Watu wa namna hiyo ndio walionilea. Mwingine ajivunie maghorofa yake.

Deka sasa ana kibanda sokoni, anauza unsi. Ndiyo, unsi. Kila Idi naoga maji matupu na kwenda kwake kwanza. Ananizuia mlangoni, kizee mwenzangu, anasema, "Simama! Kipande!" Nampa shingo. Ananusa, anaridhika, ndipo anasukuma chetezo chini ya shuka yangu.