Chombo cha Mzee Clarence

Jana jioni nilipofungua oveni, harufu ya kungumanga na viazi vitamu ilinipiga usoni, nikasimama pale jikoni na kitambaa mkononi mpaka mume wangu akaniuliza kama nimeungua. Sikuungua. Nilikuwa nimerudi Hyattsville, mji wa utoto wangu, nina miaka kumi, niko kwenye besimenti ya Mzee Clarence, na juu ya kichwa changu mtu anakanyaga sakafu kwa kishindo, mara tatu.

Ngojeni niwaeleze vizuri. Tulikuwa tumepanga vyumba vya chini, vile ambavyo madirisha yake yako usawa wa majani, ukichungulia nje unaona miguu ya watu na matairi ya magari. Juu yetu aliishi mwenye nyumba, Mmarekani mweusi mrefu, mgane, aliyestaafu udereva wa mabasi akiwa na magoti mabovu na sauti ya kutangazia vituo. Baba alifanya kazi kwenye ghala la vyakula. Mama alitunza wazee zamu ya usiku, kwa hiyo nilipotoka shule yeye alikuwa bado amelala. Siku moja nilisahau ufunguo nikapiga kengele ya juu. Mzee Clarence akanifungulia, akanikatia tufaha, akaniweka kwenye meza ya jikoni na madaftari yangu. Kesho yake nilikuwa na ufunguo mfukoni, lakini nilipiga kengele vilevile. Hakuna aliyelipanga jambo hili, likawa desturi tu.

Pale mezani ndipo nilipoijua timu. Redio yake haikuzungumza habari nyingine. Ilikuwa timu ya mpira wa Kimarekani ya mji wetu, yenye jezi za rangi ya damu ya mzee na dhahabu, na kwa miaka kadhaa ilikuwa imewaliza wapenzi wake. Baba, ambaye kwao Tanga alikuwa mshabiki wa kandanda hadi kukosa chakula, aliutazama mchezo ule kwa mara ya kwanza akasema, "Mpira gani huu? Mguu wanautumia kama chumvi, kidogo tu mwishoni!" Lakini baada ya Jumapili tatu alikuwa anamfokea mwamuzi kwa Kiswahili.

Jumapili ya kwanza ya msimu ule, Mzee Clarence aliteremka ngazi za nje polepole, mkono mmoja kwenye chuma, mwingine umebeba chombo cha udongo cha buluu, ukingo umemeguka kidogo upande mmoja. Ndani mlikuwa na pai ya viazi vitamu. Chombo kilikuwa cha marehemu mkewe, Loretta. Aliketi kwenye kochi letu, akatuambia kwamba huo ndio msimu wake wa mwisho katika nyumba ile. Binti yake, Denise, aliyekuwa North Carolina, alikuwa amemwandalia chumba kisicho na ngazi. Nyumba ingeuzwa.

"Msimu ukiisha," alisema, "naondoka."

Alitaka tu kuuona mmoja zaidi, mahali pale alipokuwa akiketi na Loretta miaka yote. Wazazi wangu walimwitikia kwa adabu. Alipopanda juu, Baba akavuta pumzi akasema, "Kwa timu hii? Tuanze kufunga mizigo, Krismasi haifiki."

Wao walicheka kidogo, mimi sikucheka. Nilikwisha kubadilisha shule mara tatu. Nilijua jinsi ya kusimama mbele ya darasa huku mwalimu akilitafuna jina langu, jinsi ya kula chakula cha mchana peke yangu nikijifanya nasoma. Na sasa nilikuwa na kengele ya kupiga, na mtu wa kuja kunifungulia. Msinicheke, lakini usiku ule nililala nikiiombea timu.

Asubuhi Mama alikiosha kile chombo, akakikausha, akaanza kukanda unga.

"Chombo cha jirani hakirudi kitupu," alisema. "Hata kama huna kitu, tia ndimu mbili."

Enzi hizo Kiswahili nilikielewa chote lakini hakikunipita mdomoni, basi nikamuuliza kwa Kiingereza: je, usipokirudisha kabisa?

"Usipokirudisha hamjaagana. Mwenye chombo chake kwa watu huyo hajahama, atakirudia tu. Haya, nipe iliki."

Chombo kikapanda juu na maandazi. Jumapili iliyofuata kikateremka na pai. Mama akakirudisha na sambusa. Kikateremka na mkate wa mahindi. Mama akakirudisha na kaimati. Na timu, kwa maajabu ya Mungu, ikawa inashinda! Si kila mara, ilikuwa na tabia ya kuongoza halafu kusinzia, lakini ilishinda vya kutosha. Kila ilipofunga, Mzee Clarence alikanyaga sakafu mara tatu, taa yetu ikatikisika, nasi tukajua. Halafu akaona kwamba kutukanyagia vichwani si uungwana, akatualika tuwe tunapanda kutazama pamoja naye.

Ilipofika Novemba Mama alikuwa hoi. Anatoka zamu asubuhi, anasimama tena jikoni kwa ajili ya chombo. "Huyu mzee ataniua na pai zake," alilalamika. "Sasa nipike nini? Vitumbua nimepika, visheti nimepika." Baba akamshauri aache. Mama akamtazama kama mtu aliyemshauri atembee barabarani bila nguo.

Mwezi wa Ramadhani ukaingia Desemba. Mimi nilifunga nusu siku, kwa majivuno ya siku nzima. Mechi zilianza saa saba mchana. Jumapili ya kwanza ya mfungo tulipanda juu kama kawaida, na Mzee Clarence akaleta bakuli la karanga. Baba akamweleza. Mzee akalirudisha bakuli kabatini. Kuanzia siku ile hakula karanga wala hakunywa soda yake mbele yetu. Mechi ikiisha alikaa nasi akiangalia saa, jua la majira ya baridi likazama mapema, Baba akapokea tende, na hapo ndipo yeye naye alipokata pai yake. Nilidhani anafunga. Nilimwambia rafiki yangu shuleni kwamba mwenye nyumba wetu amesilimu.

Krismasi ikafika, mizigo haijafungwa. Baba akaingia ndani akipiga makofi: "Jamaa wame-qualify! Wanaingia mtoano!"

Aliponieleza mtoano ni nini nikashikwa na hofu. Ukishindwa mara moja, basi. Maana yake ni kwamba kila mchezo ulikuwa unaweza kumwondoa Mzee Clarence.

Mechi ya kwanza ya mtoano iliangukia Idi. Fikirieni. Baba na kanzu yake nyeupe, Mzee Clarence na jezi yake ya damu ya mzee, wamekaa kochi moja, sinia la biriani liko katikati, na kile chombo pembeni kimejaa tambi za sukari. Tulishinda. Mzee alikanyaga sakafu ingawa chini hapakuwa na mtu wa kumsikia, akanivuta mkono tukakanyaga pamoja. Sijawahi kuwa na Idi nzuri kama ile, na nimekula Idi nyingi.

Juma moja baadaye walicheza ugenini. Walikuwa mbele kwa muda mrefu, na mimi nilikaa juu ya mikono yangu nikisoma kila sura fupi niliyoijua. Kisha wakasinzia, kwa tabia yao ileile. Wakapitwa kwa pointi moja. Mwishoni kulikuwa na teke moja la kuokoa kila kitu, ule mguu ambao Baba aliuita chumvi, lakini mpira ulirushwa vibaya na teke halikupigwa. Mzee Clarence alizima televisheni.

"Haya," alisema taratibu. "Ulikuwa msimu mzuri."

Kile chombo kilikuwa chini kwetu, kimeoshwa, kinasubiri. Mama alikuwa amepanga kukijaza kaimati siku ya kuagana. Jioni ileile nilikichukua. Chini ya kitanda cha wazazi wangu palikuwa na sanduku la kurudia nyumbani, mnalijua, kila familia yetu ina lake: kanga mpya, sabuni, viatu vya shangazi ambavyo vitapitwa na wakati kabla hajavivaa. Nilikifunga chombo ndani ya kanga, nikakizika katikati. Mwenye chombo chake kwa watu hajahama. Mama mwenyewe alisema.

Siku mbili Mama alikitafuta. Alitoa vyungu vyote. Alimwaga hata pipa la taka kwenye gazeti, akalipekua kwa mikono. Alimuuliza Baba, akaniuliza mimi, nikatikisa kichwa. Hakulala mchana. Siku ya tatu alijifunga mtandio, akanishika mkono, tukapanda juu.

Jikoni kwa Mzee Clarence palikuwa na maboksi hadi dirishani. Mama alisimama mlangoni, akaongea kwa Kiingereza chake cha kazini, kile cha taratibu.

"Mzee, nimekuja kuomba msamaha. Chombo cha marehemu mkeo nimekipoteza."

"Ni chombo tu, mama," alisema. Lakini aligeuka akaangalia nje, na hakugeuka tena haraka. Mama machozi yakamtoka. Huyu ni mama aliyeosha na kuvisha maiti za wazee wa watu asilie mbele za mtu.

Niliteremka mbio. Nilirudi na chombo kifuani, bado kina kanga.

"Wewe mtoto!" Mama akashika kichwa. "Una wazimu? Aibu gani hii unanitia?"

Na mdomo wangu uliokuwa haujui ila Kiingereza ukafunguka wenyewe. "Ulisema hawezi kuhama," nilisema kwa Kiswahili. "Ulisema kikiwa kwetu, hajahama."

Mzee Clarence akauliza nimesema nini, na Mama, kwa shida, akamfasiria: habari ya ndimu mbili, ya kutorudisha kitupu, ya mtu kuacha chombo kwa watu. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka kicheko cha kifuani, akavua miwani akaifuta kwa ncha ya shati.

"Kumbe!" alisema. "Miezi minne napika na magoti haya, nikidhani kila mkileta chakula mnangoja nami nilete. Nilimwambia Denise, watu hawa wataniua kwa chakula."

Mama alicheka huku analia. Mzee akakisukuma chombo mezani, kikanirudia mimi.

"Kikae kwenu. Sheria ni sheria. Mkija, mje nacho, na msije nacho kitupu."

Mama alikataa, cha marehemu! Mzee akasema Loretta angefanya vivyo hivyo.

Aliondoka mwisho wa mwezi. Sisi tulihamia jengo la ghorofa mtaa mwingine, nikaanza shule ya tano, na nilikula peke yangu, na nikaishi. Mama alikuwa amepata zamu ya mchana, alikuwa nyumbani nikirudi. Chombo kilikaa juu ya friji. Nilipopata leseni, nikiwa na miaka kumi na saba, niliendesha gari la Baba mpaka North Carolina, Mama amekipakata njia nzima kimejaa kaimati. Mzee Clarence alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, amevaa jezi. Alikula kaimati sita. Tulipoaga, Denise akatoka jikoni na chombo kimejaa pai, na mzee akanikonyeza. Ikabidi turudi mwaka uliofuata. Na uliofuata. Miaka sita tulikwenda, kila msimu ulipoanza.

Alipofariki, chombo kilikuwa kwetu. Nilikwenda nacho mazikoni, kimejaa, nikitaka kumkabidhi Denise mali ya mama yake. Tuliketi jikoni kwake watu walipotawanyika, na ndipo aliponiambia jambo ambalo tangu hapo silisahau.

"Chumba chake kilikuwa tayari mwaka mzima kabla hajaja," alisema. "Kila nikimpigia simu ananiambia, ngoja msimu uishe. Nikamwambia, baba, timu yenyewe hiyo haina maana! Akaniambia kuna mtoto anapiga kengele saa tisa na nusu, mama yake amelala. Alisema mama huyo anangoja zamu ya mchana. Ulipoisha msimu na zamu ikawa imepatikana, akanipigia: njoo unichukue."

Nilikuwa nimeomba dua miezi minne timu ishinde ili mzee asiondoke. Kumbe timu ilikuwa kisingizio chake. Angeweza kuondoka mapema, akalala pasipo ngazi, magoti yake yakapumzika. Alizipanda zile ngazi mwaka mzima kwa ajili ya tufaha langu la saa tisa na nusu, na hakunidai hata asante. Naitoa sasa, kwa kuchelewa: asante, Mzee Clarence.

Denise alikula kaimati moja, akasuuza chombo, akakitia pai iliyokuwa imebaki, akanirudishia.

"Baba aliniambia kipo wapi," alisema, "na kwamba kikae hukohuko."

Ndicho nilichokitoa ovenini jana, na ukingo wake uliomeguka. Mume wangu aliniuliza lini nitanunua kipya. Nikamwambia kile si changu, kina mwenyewe, na mwenyewe hajahama.