Shangazi Anayepima Tanuri kwa Majina ya Ndugu Zake

Saa nane mchana, jua likiwa limewafukuza hata kuku mtaani, mwanamke wa miaka hamsini na minne anakunja mkono wa gauni hadi juu ya kiwiko, anauingiza mkono wa kulia kwenye mdomo wa tanuri la kuni, na kuanza kuwaita ndugu zake.

"Kaka Mkubwa," anasema taratibu, kama anayeita watu waje kula. "Dada Mrefu. Pacha. Pacha Mwenziwe. Domo. Msusi."

Kwenye Msusi anautoa mkono. Anaupuliza, anageukia meza yenye madonge zaidi ya mia moja ya unga yaliyoumuka chini ya kitambaa, na kusema neno moja: "Ingizeni."

Hapa kwenye duka la mikate kila mtu anamwita Shangazi, wakiwemo wanaomzidi umri. Kwa miaka thelathini na mitano tanuri hili halijapimwa na kitu kingine zaidi ya mkono wake na majina manane ya ndugu zake.

"Mkono ukitoka kwenye Pacha, moto ni mkali mno," anaeleza huku akijifuta kwa aproni. "Mkate utaungua nje, ndani ubaki uji. Ukivumilia mpaka Kibonge, au mpaka Kitinda ambaye ni wa mwisho wetu, tanuri limepoa, ongeza kuni. Msusi ndiyo penyewe."

Yeye mwenyewe ni wa nane kati ya watoto tisa, lakini hajihesabu. "Nijiite niende wapi, na mimi ndiye niliyeweka mkono?"

Wenzake wanaapa kwamba aliwahi kujua kwa mkono huo kuwa gogo moja kati ya arobaini lilikatwa siku ya mvua. Muuza kuni aliulizwa. Alikohoa, akabadilisha mazungumzo.

Utaratibu huu alirithishwa na mwokaji mzee aliyejenga tanuri, marehemu baba wa bosi wa sasa. Mzee yule alipima kwa kutaja wasichana waliomkataa ujanani, orodha ambayo kwa maelezo yake ingetosha kuoka keki ya arusi ya ghorofa nne.

"Nilikuja hapa nina miaka kumi na tisa," anakumbuka Shangazi. "Akaniambia, 'Binti, wewe bado hujakataliwa na mtu, hesabu ndugu zako. Namba utazikimbiza mkono ukiuma. Mtu huwezi kumwita mbiombio, ni kumkosea adabu.'"

Siku hizo mikate iliyoungua ilikuwa halali ya wafanyakazi. Shangazi aliifunga kwenye kanga na kuipeleka nyumbani, ambako watoto tisa walilala vyumba viwili. Domo ndiye aliyemsubiri mlangoni, akipiga kelele mtaa mzima ujue kwamba leo kuna mkate.

"Nikila mkate mzuri leo, hauna ladha ya ule ulioungua," anasema, akisukuma gogo ndani ya moto.

Mambo yaliharibika miaka mitatu iliyopita. Mchana mmoja aliweka mkono, akataja Kaka Mkubwa, akataja Dada Mrefu, na ghafla moto ukampanda kifuani, shingoni, usoni, mpaka masikio. Akauchomoa mkono na kutangaza kwamba tanuri limewaka kupita kiasi. Kuni zikapunguzwa.

Mikate ilitoka myeupe. Inasimuliwa kwamba mteja mmoja alirudisha wake akidhani ameuziwa mto wa kulalia.

Kesho yake ikawa vivyo hivyo. Shangazi akamgombeza muuza kuni kwa kuleta miti mikali. Akamgombeza fundi aliyeziba ufa wa tanuri. Usiku halali, shuka limelowa. Asubuhi akiulizwa kitu kidogo machozi yanamtoka. Ndani ya wiki sita, mikate mia nne ya kila siku ilishuka hadi mia mbili na hamsini, na hiyo nayo ilinunuliwa kwa kumwonea huruma.

Bosi, ambaye Shangazi alimbeba mgongoni akiwa mtoto, alikuja na kipimajoto kipya kwenye boksi.

"Shangazi, tujaribu hiki," alisema kwa upole. "Nakupa mwezi upumzike kichwa. Kama mkono haujarudi, utahamia kaunta. Kaunta kuna feni."

"Na kaunta nitamwita nani?" alimuuliza.

Bosi hakuelewa. Ilibidi aambiwe kwamba kati ya wale wanane, wanne wameshatangulia: Kaka Mkubwa, Dada Mrefu, Pacha mmoja na Domo. Hakuna mahali pengine duniani wanapoitwa kwa sauti kila siku, mara tatu kwa siku, kwa mpangilio wao, wazima na marehemu.

"Nikiondoka pale," Shangazi anasema, "nyumba yetu ndiyo imefungwa mlango."

Msaada ulitoka kwa mteja, muuguzi wa zahanati iliyo mkabala na duka. Alikuja kulalamikia mkate, akamkuta Shangazi anajipepea kwa trei.

"Shangazi, mara ya mwisho uliziona lini?"

"Kuona nini?"

"Siku zako."

"Dada, unaniuliza hayo mbele ya mikate?"

"Mikate ndiyo iliyokusema."

Ilikuwa imepita miezi kumi. Shangazi alijua hedhi inakoma, mama yake ilimkoma. Lakini mama alifanya kazi ya kufua, kwenye maji baridi, na kama alipata mafukuto hakuna aliyeyasikia. "Mimi nilishinda mbele ya moto. Sikujua joto lipi la tanuri na lipi langu."

Alipokwenda zahanati aliongozana na mumewe, dereva wa lori mstaafu. Daktari, mwanamke wa makamo asiye na haraka, alimpima shinikizo la damu na kumuuliza maswali mengi: kama amewahi kuwa na saratani ya matiti au uvimbe usioeleweka, kama damu iliwahi kuganda miguuni, kama kizazi chake bado kipo. Akamweleza kwamba homoni zinazopungua mwili ukizeeka zinaweza kurudishiwa kidogo, ila tiba hiyo si ya kila mtu, na anayeitumia hufuatiliwa kila mwaka.

Akapewa viraka vya homoni vya kubandika nyongani, viwili kwa wiki, na kidonge cha usiku cha kulinda kizazi. Alionywa asibandike upande unaoelekea tanuri, maana joto hukifanya kiraka kimwage dawa kwa pupa. Viraka vya mwezi vinameza mshahara wake wa siku tatu.

Mumewe naye akasogeza kiti mbele.

"Daktari, na sisi wanaume hatuna chetu?"

"Mzee unasikiaje?"

"Uchovu. Uvivu. Hata redio siku hizi nazima mapema."

"Huyo hata akiwa na miaka thelathini redio ilimshinda," Shangazi aliingilia.

Daktari hakumcheka mzee. Alimwambia wapo wanaume ambao homoni zao hushuka kweli, nao hutibiwa kwa jeli ya kupaka au sindano, lakini lazima damu ipimwe kwanza, asubuhi, mara mbili. Ikapimwa mara mbili. Majibu yakaja.

"Mzee, homoni zako zipo zote. Kilichopungua ni kutembea."

Tangu hapo mzee anamsindikiza mkewe kazini kwa miguu, akinung'unika njia nzima. Kitambi, kwa taarifa ya mkewe, kimeanza kuomba msamaha.

Dukani nako maneno hayakukosekana. "Shangazi kapigwa kiraka kama tairi," walisema wapakiaji. "Ndiyo," aliwajibu, "na nyie mnaovuja bila kiraka mtafika wapi?"

Wiki ya kwanza hakuona kitu. Ya pili alilala mpaka asubuhi mara mbili. Ya tatu mafukuto yalikuja yakiwa yamechoka, kama mgeni anayeaga.

Siku ya mwisho ya ule mwezi Bosi alisimama kando ya tanuri na kipimajoto chake. Wafanyakazi wote walijipanga ukutani. Shangazi akakunja mkono wa gauni.

Kaka Mkubwa. Dada Mrefu. Hapo akanyamaza kidogo, watu wakatazamana. "Nilikuwa namsikiliza," anasema sasa. "Sikusikia moto wa kwangu. Nilimsikia yeye tu." Pacha. Pacha Mwenziwe. Domo. Msusi.

Ile mikate ilitoka na rangi ya korosho iliyokaangwa. Harufu yake, wanadai majirani, ilimwamsha mgonjwa mmoja wa zahanati, akadai aruhusiwe kwenda nyumbani. Kipimajoto bado kipo. Kimetundikwa ofisini kwa Bosi, kinapima joto la Bosi.

Daktari amemwambia wazi kwamba viraka si vya milele. Kila mwaka watakaa waamue. Shangazi naye anataka kufikisha umri wa miaka sitini akiwa bado kwenye tanuri, kisha ahamie kaunta kwa hiari yake, chini ya feni, awe anasikia majina yakiitwa nyuma yake.

Wa kuyaita ameshapatikana: Bosi mwenyewe. Tatizo lake ni kwamba kazaliwa peke yake, na ile orodha ya wasichana ya baba yake, mama yake aliipiga marufuku. Kwa hiyo Shangazi amemwazima ndugu zake.

Alasiri hii, tanuri likiwa sawasawa, Bosi anakunja shati na kuingiza mkono. "Kaka Mkubwa, Dada Mrefu, Pacha…" Anauchomoa.

"Mkono wa ofisi," Shangazi anamwambia. "Utakomaa. Na usiwaite kama unafukuza mbwa."

Bosi amebandika orodha ukutani kwa mwandiko wake, na ameongeza jina moja, baada ya Kibonge na kabla ya Kitinda: Shangazi. Siku tanuri likiwa vizuri, hatalifikia kamwe.

Mwenyewe ameliona, akalisoma mara mbili.

"Sawa," anasema, akichukua kitambaa kufunika madonge ya awamu ijayo. "Siku mkisikia natajwa, leteni kuni."