Hatua Moja Juu ya Mito Miwili

Nakumbuka siku moja nilikata mpaka wa mashamba ya watu kwa panga langu mwenyewe, ili wageni waone mito vizuri. Sikuwa mlevi, mwanangu, wala sikuwa na ugomvi na mtu. Nilikuwa kijana mwenye bidii, na bidii isiyouliza ina makali kuliko panga.

Nianzie mbali kidogo. Juu ya kijiji chetu, kwenye mteremko wa Meru, kuna kilima ambacho ukisimama kileleni unaona mito miwili ikikutana chini yako. Mmoja unatoka msituni, maji yake meupe na baridi. Wa pili unapita mashambani, na mvua ikinyesha hugeuka mwekundu kama tofali. Inapokutana haichanganyiki papo hapo. Inakwenda bega kwa bega, mweupe huku, mwekundu huku, hadi kwenye mwamba wa kona, ndipo inakuwa mto mmoja unaoshukia tambarare za Nduruma. Nimekipanda kilima kile maisha yangu yote na bado sijakizoea. Asubuhi isiyo na mawingu, Meru iko mgongoni kwako na Kilimanjaro inachungulia mashariki, nawe unajiona mdogo kwa namna inayopendeza.

Ujanani niliwaongoza wageni kutoka mjini Arusha. Kileleni ulikuwepo mstari wa masale, ile mimea ya majani marefu ambayo sisi Wameru tunaipanda mipakani, na ulikuwa umefika kimo cha mtu. Wageni walilazimika kunyoosha shingo. Basi asubuhi ile, kabla hawajafika, nikakata mashina saba, nikang'oa na visiki vyake, nikasawazisha udongo. Wakapiga picha, wakanisifu. Mgeni njoo mwenyeji apone, husema wahenga. Siku ile mgeni alikuja, mwenyeji akaumia.

Maana masale yale yaligawa kihamba, yaani shamba la ukoo, cha Bibi Ndeshukurwa na cha jirani yake Mzee Anaeli. Baba zao waligombania kilele hicho miaka mingi, hata wakaacha kuzikana. Masale ndiyo yaliyowapatanisha. Jioni ile ile Mzee Anaeli alionekana juu na kamba, akipima upya, na wana wa Bibi wakapanda na majembe yao kumzuia. Ugomvi waliouzika wazee, nilikuwa nimeufukua mimi.

Kesho yake nilimwendea Bibi. Alikuwa ameketi akichambua kahawa. Nikampa shikamoo, akaitikia bila kuinua macho. Nikaanza kumsimulia jinsi mito inavyopendeza sasa na wageni walivyofurahi. Akaniacha nimalize.

"Macho yako yalifika Nduruma, mwanangu," alisema, "ila miguu yako hukuiona imesimama wapi."

Kwetu mtu akikosa humpelekea aliyemkosea jani la sale, na aliyeletewa jani hilo hawezi kukataa kusamehe. Bibi aliniambia nimletee. Kisha akaongeza kwamba nisichume mpakani, kwani pale nilikwisha kuchuma vya kutosha. Niende nikaombe kwa Anaeli.

Mzee Anaeli alicheka mpaka akakohoa. "Jana ulikuwa na panga, masale yote yako. Leo unaomba jani moja?"

Hata hivyo alichuma mawili penye lango lake, akapanda nayo kilimani mwenyewe, nami nyuma yake. Tuliwakuta Bibi na wanawe wametutangulia, naye akanipa majani yale. Mbele yao wote nilimkabidhi Bibi jani moja, na la pili nikamrudishia Mzee. Akakunja kamba yake.

Tukachomeka upya mashina niliyoyakata, maana sale halina kinyongo. Ukilichomeka udongoni linachipua. Sita yalipata mahali pake. La saba likawashinda. Bibi alisema lilikuwa huku kwenye jiwe, Mzee akasema kule, hatua moja mbele. Wakanigeukia mimi niliyekata. Sikukumbuka. Nilipokuwa nakata, nilikuwa naitazama mito.

"Basi pabaki wazi," alisema Bibi, "mpaka akumbuke."

Pakabaki wazi. Ndilo pengo ambamo watu husimama leo kutazama mito.

Mwanangu, wewe unayepanda leo na simu mkononi, sikukatazi kupenda uzuri. Panda, tazama, ushangae. Lakini kila mahali pazuri pana mwenyewe, na hicho kinachokuziba macho huenda ndicho kinachozuia watu wasipigane. Kuuliza si ujinga. Piga hodi kwanza, hata kileleni pasipo na mlango. Na ukikosa, usianze kueleza uzuri wa ulichokifanya kama nilivyofanya mimi. Nenda ukaombe jani.

Mungu akupe macho ya kuona mbali, na miguu inayojua iliposimama. Utembee na amani, uikute nyumbani.

Bibi na Mzee wamekwisha kulala usingizi wa milele. Wajukuu wao bado hupita na kuniuliza, kwa utani na kwa dhati, ile hatua moja ni ya nani. Nami kila nikipanda ili nikumbuke, najikuta naitazama mito.